Kata ya Kuonjea

Huko Burgundy katika nchi ya Ufaransa, watunza mvinyo wa zamani walivaa shingoni kikombe cha fedha kiitwacho tastevin. Ni kipana, kina chake ni kifupi, na ndani kina vibonyeo, ili hata mwanga hafifu wa mshumaa ghalani upate kuonyesha rangi ya mvinyo. Chasifiwa sana kikombe hicho. Je, Kolwezi na Lualaba yote hakuna vyombo vya kuonjea? Vipo, ila tumevizoea mno hata hatuvitazami.

Itazameni kata, yaani kibuyu kidogo kilichokatwa, shingo yake ikawa mpini. Mama atengenezaye munkoyo hupika uji wa mahindi. Ungali vuguvugu, hutia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Mizizi hiyo ina vimeng'enya vigeuzavyo wanga kuwa sukari, na uji mzito hulegea ukawa kinywaji. Akichota na kumimina kwa kata, huona kama umekwisha kuwa mwepesi. Akionja, hujua kama utamu umefika, na kesho yake, kama uchachu umeanza. Saa yake ni ulimi. Lakini kibuyu kipya ni kichungu, hapana budi kukiloweka na kukisugua kwanza, la sivyo chombo chenyewe kitamdanganya mwonjaji.

Kwa malafu ya mitende na michikichi haraka ni kubwa zaidi, maana utomvu huanza kuchacha tangu mtini, na baada ya siku chache huwa siki. Tena, mahali pengi mwenye pombe huonja yeye kwanza mbele ya wageni, wapate kuona kwamba hamna sumu.

Walunda wa Musumba, katika Kapanga, wanayo habari inayohusu jambo hili, ingawa husimuliwa kwa namna mbalimbali. Chifu mzee alikuwa akisuka mkeka, na kando yake chungu cha maji ya kulowekea nyuzi. Wanawe Kinguri na Chinyama, wamelewa, waliyaona yale maji meupe wakadhani ni malafu anayowanyima. Wakamtukana na kumpiga. Basi lukano, bangili ya ufalme, akampa binti yake Lueji. Laiti wangalionja kwanza!

Vikombe vya Wakuba wa Kasai, vilivyochongwa kwa sura ya kichwa cha mtu, na kopa ya Wasuku yenye vinywa viwili, ni habari nyingine: hivyo vilionyesha cheo cha mnywaji kuliko ladha ya kinywaji.

Lutuku, pombe ya kukenekwa, hushinda vyombo hivi vyote. Mtu mwovu akitia methanoli ndani yake, wala kata wala ulimi hauwezi kuitambua, nayo hupofusha macho na kuua.