Je, Wajua? Mkaa Hutunza Tarehe

Je, wajua kuwa mkaa wa kupikia hubeba tarehe? Okota kipande kando ya jiko lolote katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda (Wakongomani wa hapo watakiita makala). Ni chepesi, kinachafua vidole, na mistari ya mti bado inaonekana. Ndani yake mna kaboni-14, iliyoingia kutoka hewani mti ulipokuwa hai. Mti ukifa, kaboni hiyo haiongezeki tena. Nusu yake hupotea kila baada ya miaka 5,730 hivi. Maabara hupima iliyobaki, umri ukajulikana. Mwasisi wa njia hii, Willard Libby, aliyeibuni Chicago, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1960.

Njia hii imetumika Uganda pia. Kaskazini mashariki mwa mji wa Mbarara, karibu na mto Katonga, kuna Bigo bya Mugenyi, penye mahandaki ya zaidi ya kilomita 10. Simulizi husema ni kazi ya Bachwezi, watawala wa kale wa hadithi. Kaboni haikutaja jina la mtu. Ilionyesha tu kwamba Ntusi, jirani yake, palikuwa na wafugaji na wakulima tangu karne ya 11 hivi, na Bigo ikafuata baadaye.

Ila kinachohesabiwa ni wakati sehemu hiyo ya mti ilipoacha kukua, si siku moto ulipowashwa. Kiini cha mti mkongwe kinaweza kudanganya kwa mamia ya miaka, ndiyo maana punje moja ya mtama iliyoungua huthaminiwa kuliko gogo zima. Na ukishapita miaka 50,000 hivi, mkaa hauna tena la kusema.