Zamu Hubadilika, Kazi Inabaki

Uwanja ulikuwa wa udongo mwekundu, pembezoni mwa mji mmoja wa wachimbaji mkoani Geita. Mistari ilichorwa kwa majivu, na wavu ulikuwa na kiraka cha wavu wa dagaa. Mimi ndiye niliyekuwa refa. Timu ya wasichana ilikuwa inapokea, na seta wao, yaani mwinuaji wa mipira ya wapigaji, alishajisogeza chini ya wavu akiusubiri mpira kwa hamu. Wapinzani walipopiga mpira wa kuanzisha tu, nikapuliza filimbi. Pointi kwa waanzishaji.

Mwalimu wao alishangaa. "Refa, kosa liko wapi? Mpira hata hatujaugusa!"

Kosa lilikuwa miguuni mwa seta. Jambo hili huwachanganya watazamaji wengi wa mpira wa wavu, na wachezaji wengi pia, kwa hiyo tuanzie chini kabisa.

Uwanja una nafasi 6. Nafasi ya 1 iko nyuma kulia, na aliyeko hapo ndiye anayeanzisha. Mbele yake ni nafasi ya 2, kisha 3 katikati ya wavu, 4 mbele kushoto, 5 nyuma kushoto na 6 nyuma katikati. Timu iliyokuwa inapokea ikishinda pointi, inapata mpira wa kuanzisha, na wote sita wanasogea nafasi moja kwa mwendo wa mshale wa saa: wa 2 anakwenda 1, wa 1 anakwenda 6, hivyo hivyo mpaka duara litimie.

Timu nyingi za shule na mitaani huishia hapo. Husema anayefika nafasi ya 3 ndiye mwinuaji, na anayefika 4 ndiye mpigaji. Matokeo yake, binti mrefu mwenye mkono mzito anajikuta akiinua mipira, na mfupi mwenye vidole laini anatakiwa kupiga smashi. Kila mzunguko timu inakuwa timu nyingine.

Mgodini hawafanyi hivyo. Dereva wa lori la mawe huingia zamu ya mchana wiki hii na zamu ya usiku wiki ijayo, lakini hapewi mashine ya kuchoronga kwa sababu tu zamu imebadilika. Zamu inasema aingie saa ngapi. Kazi yake ni ile ile. Namba za uwanjani nazo ni zamu. Zinamfunga mchezaji wa timu inayopokea kwa muda mfupi sana, yaani pale mpira wa kuanzisha unapopigwa. Ukishapigwa, kila mtu yuko huru kukimbilia kazini kwake.

Katika sekunde hiyo moja, refa haangalii kama umesimama juu ya alama fulani. Anakulinganisha na jirani zako tu. Wa 5 analinganishwa na wa 4 aliye mbele yake na wa 6 aliye kulia kwake, basi. Awe nyuma ya wa 4, awe kushoto kwa wa 6. Akitimiza hayo mawili, hata akiwa karibu kabisa na wavu hana kosa. Yule seta wa Geita alikuwa nafasi ya 5, na mwenzake wa 4 alikuwa amebaki nyuma kusaidia kupokea. Laiti wa 4 angekuwa wavuni kushoto, seta angesimama hatua moja nyuma yake, kisha angekimbilia katikati bila mtu kumgusa.

Hapa ndipo ushambuliaji unapopata nguvu. Seta akiwa na zamu ya nyuma, wachezaji wote watatu wa mbele wanabaki kuwa wapigaji, na wazuiaji wa upande wa pili wanalazimika kuchunga watu watatu. Akiwa na zamu ya mbele, wapigaji wa mbele ni wawili tu. Ndiyo maana timu zilizokomaa huzoeza mpigaji mmoja kurukia nyuma ya mstari wa mita 3, kwa kuwa mchezaji wa nyuma haruhusiwi kuruka ndani ya mstari huo na kupiga mpira ulio juu ya wavu. Watazameni majirani zetu wa Kenya, timu yao ya taifa ya wanawake, Malkia Strikers, waliofika Olimpiki ya Tokyo na ile ya Paris mwaka 2024. Kwa miaka mingi seta wao alikuwa Jane Wacu. Mtu mmoja, kazi moja, nafasi zote sita.

Kwa shule inayoanza, kutoka Kahama mpaka Katoro, mimi napendekeza maseta wawili waliopangwa kwa kutazamana, mmoja akiwa 3 mwingine awe 6. Daima mmoja wao atakuwa mbele, na mbio ndefu za kutoka nyuma hazitahitajika.

Baada ya mechi ile, mimi na mwalimu tulichuchumaa nje ya duka lililo jirani na uwanja, tukaokota visoda sita. Kimoja kilikuwa chekundu, tukakifanya seta. Mwalimu akaanza kuvizungusha mchangani akihesabu. Chekundu kikatoka 1, kikaenda 6, kikaingia 5. Akasita. Kisha akakisukuma cha 4 mpaka kwenye mstari wa wavu, akakileta chekundu nyuma yake, upana wa kidole kimoja.