Aachaye ulevi asihofu ndoto
MNYWAJI wa mnazi au mvutaji bangi wa Ramisi, Kaunti ya Kwale, anapoacha uraibu huenda akaandamwa na ndoto kali, akadhani amerogwa, akaurudia. Si uchawi. Ulevi hupunguza usingizi wa ndoto, ambapo macho huchezacheza. Ukikoma, ubongo hujilipa deni lake.

Isitoshe, mtu aweza kutambua kwamba anaota angali usingizini. Mwaka wa 1975 nchini Uingereza, Keith Hearne alinasa ishara za macho za muotaji wa aina hiyo. Zoezi lenyewe ni kujiuliza mchana: “Je, naota?” Ajuaye ni ndoto hupungukiwa na hofu.

Hata hivyo, mlevi wa kupindukia amwone daktari kwanza, kwa mfano hospitalini Msambweni. Kuacha pombe ghafla kwaweza kuua.