Kabla ya Kununua Gunia Jingine la Mkaa

Kipupwe kikiingia Njombe na Makete mwezi Juni, gunia la mkaa halikai ndani. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa kawaida hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mkaa unanunuliwa na moto unawashwa, lakini asubuhi nyumba ni baridi vilevile. Joto limekwenda wapi?

Sayansi ina jibu la siku nyingi. Joto huhama kutoka penye moto kwenda penye baridi. Chuma hulipitisha upesi. Hewa iliyotulia hulipitisha kwa shida sana, chini ya sehemu moja ya elfu ya chuma. Sharti ni hewa hiyo itulie. Ikipata mwanya, hutoka na joto lake.

Jambo hili lilipimwa. Mwishoni mwa karne ya 18, mtafiti mmoja huko Ulaya alizungushia kipimajoto pamba, sufu, hariri na manyoya kwa zamu, akakipasha katika maji yanayochemka, akakiweka kwenye barafu na kuhesabu muda wa kupoa. Akabaini kwamba kinga kubwa hutoka kwenye hewa iliyonaswa kati ya nyuzi. Ndiyo maana blanketi la sufu linafaa.

Nyumba nyingi za nyanda za juu zimeezekwa bati, na baadhi hazina dari. Hewa yenye joto hupanda, hukutana na bati jembamba, na joto huishia nje. Dari, hata ya mbao nyepesi, huacha tabaka la hewa katikati. Mkulima asiyeimudu mwaka huu aanze na mianya: usiku wa upepo, awashe kijiti cha udi na kukipitisha taratibu kando ya mlango na dirisha. Moshi ukiyumba, hapo ndipo pa kuziba kwa kitambaa.

Mtu mzima aliyetulia hutoa joto la takriban wati 100. Familia ya watu watano katika chumba kilichozibwa vizuri tayari ina chanzo cha joto kisicholipiwa. Mwanafunzi anayejisomea usiku anaweza kujifunika blanketi na kupakata chupa ya maji ya moto, kwa kuwa maji hukaa na joto muda mrefu. Mama asiilaze chupa hiyo kwenye ngozi ya mtoto mchanga, huunguza.

Tusitie chumvi: dari haitaigeuza Njombe kuwa Tanga, na nyumba inahitaji kufunguliwa madirisha mchana ili unyevu utoke. Kubwa zaidi ni hili: chumba kilichozibwa na jiko la mkaa havikai pamoja. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mkaa mwekundu usiotoa moshi nao huitoa, na aliyelala huenda asiamke.

Basi ziba mianya kwanza, weka dari ukijaliwa, na jiko lilale nje.