Mgongo ukigoma, si kila mkono wa kuukabidhi

Siku ya kwanza huonekana utani. Chuma kimetoka chini, kiuno kimestuka, mnyanyuaji anakitua na kujipa moyo: "Msuli tu huu, kesho utakaa sawa." Wiki mbili baadaye anashindwa kuinama kufunga kamba za viatu.

Kwa vijana wa Arusha wanaonyanyua vyuma, wengine vya dukani, wengine vya saruji iliyomiminwa kwenye makopo, hapo ndipo kila mtu hugeuka daktari. Huyu anamjua mkandaji. Yule ameona video ya mtaalamu wa kairopraktiki akibana mgongo wa mtu, ukalia "ka-ka-ka", mgonjwa akainuka anacheka.

Kairopraktiki, tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, ilianzishwa Marekani mwaka 1895 na D.D. Palmer. Kwa maumivu ya kawaida ya kiuno inaweza kuleta nafuu. Lakini mlio ule si mfupa uliorudi mahali pake. Ni gesi ndani ya maungio, na haupimi ubora wa tiba.

Kinachompima mtaalamu ni maswali yake. Maumivu yalianza lini? Kilo ngapi zilikuwa mikononi? Yanashuka mguuni? Atapima nguvu za miguu kabla ya kubana chochote. Anayemlaza mtu kitandani dakika ya kwanza, au anayetaka malipo ya mara 20 kwa mkupuo, huyo ni wa kuagwa mapema. Mzuri hapigi marufuku vyuma moja kwa moja: hupunguza uzito, hurekebisha mkao, kisha humrudisha mchezaji taratibu.

Karatasi nazo zina uzito wake. Tiba mbadala nchini ina baraza lake, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, hivyo kuulizia usajili na chuo alichosoma mtaalamu si utovu wa adabu.

Zipo dalili zisizosubiri mkono wa mtu yeyote: ganzi sehemu za siri, mkojo kugoma au kutoka wenyewe, mguu kulegea. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Homa, jasho la usiku na kukonda navyo vinahitaji vipimo, maana kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo. Kuubana mgongo wa namna hiyo ni kuuharibu.

Kwa wakazi wa chini ya Mlima Meru, pa kuanzia ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru. Ikibidi, KCMC ipo Moshi, mwendo wa kilomita 80 hivi, na huko ndiko wataalamu wengi wa fiziotherapia walikofundishwa.

Maumivu mengi ya kiuno hupungua ndani ya wiki chache, mtu akiendelea kutembea badala ya kulala tu. Anayemficha kocha wake na kuongeza kilo ndiye anayejitafutia makubwa. Wahenga walishasema: mficha maradhi, kifo humuumbua.