Mchangiaji Ni Mgonjwa Mwenyewe

Familia ya Bunia ikiambiwa kwamba limfoma ya ndugu yao imerudi na sasa anahitaji kupandikizwa seli shina za uboho, kikao huitwa jioni hiyo hiyo. Swali la kwanza huwa moja: nani atatoa uboho? Kaka anajitolea, shangazi anamtaja binamu aliyeko Kisangani, na baba mdogo anaanza kupiga hesabu ya kuuza parseli ili wote wakapimwe. Kwa wagonjwa wengi wa limfoma, swali hilo halipo kabisa. Seli huvunwa kwa mgonjwa mwenyewe, hugandishwa, kisha hurudishiwa yeye yule.

Maana seli hizo haziui saratani. Kinachoiua ni dawa. Kemo ya kiwango cha juu sana huweza kuing'oa limfoma iliyorudi, ila huunguza pia uboho unaotengeneza damu, na mtu asiye na uboho hafiki mbali. Basi mbegu huwekwa akiba kabla shamba halijachomwa.

Historia ya tiba hii imepita karibu nasi. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya za watoto, ambao ni aina ya limfoma, na mmoja wa waliomsaidia kuufuatilia alikuwa Ted Williams, daktari wa hospitali ya Kuluva karibu na Arua, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Aru. Mwaka 1967 Kampala ilipata kituo cha kutibu limfoma, ambacho leo ni Uganda Cancer Institute. Mkuu wake wa kwanza, Mmarekani John Ziegler, jina lake limo pia katika makala ya mwaka 1978 ya Frederick Appelbaum na wenzake, iliyoeleza jinsi uboho uliogandishwa ulivyorudishiwa wagonjwa wa limfoma ukashika. Kisha mwaka 1995 ukaja utafiti uitwao PARMA: baada ya miaka 5, asilimia 46 ya waliopandikizwa walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, dhidi ya asilimia 12 ya waliopewa kemo ya kawaida. Lakini wote hao walichaguliwa kwa sababu limfoma yao, ingawa ilikuwa imerudi, bado iliitikia dawa.

Hapo ndipo sisi wa Ituri tunapoumia, kwa kuchelewa. Mitoki ya shingoni hutibiwa kama kifua kikuu miezi na miezi, bila mtu kukata kinyama kikapimwe. Wa kuuza parseli auze, lakini adai kipimo hicho kwanza. Tezi nzima ikitolewa ni bora kuliko maji yaliyovutwa kwa sindano.

Uvunaji wenyewe si upasuaji. Mgonjwa huchomwa sindano chini ya ngozi kila siku kwa siku kadhaa, seli shina zinatoka kwenye uboho na kuingia kwenye damu, kisha mashine huzichuja kupitia mshipa kwa saa 3 hadi 5. Zinahitajika walau milioni 2 kwa kila kilo ya uzito wake. Baada ya kemo kali, mfuko huyeyushwa na kutundikwa kama damu ya kawaida. Chumba kinanuka kitunguu saumu kwa sababu ya dawa iliyozilinda seli kwenye baridi. Msishtuke.

Zinafuata kama wiki mbili ngumu, mgonjwa akiwa karibu hana kinga, na kazi ya familia iko hapa. Baadhi ya dawa, hasa melfalani, huleta vidonda mdomoni. Msindikizaji anayemshikia mgonjwa kikombe cha barafu amumunye wakati dawa inaingia anapunguza vidonda hivyo kweli. Kwaya ya kanisa ibaki nyumbani. Chakula kiwe cha moto, kimepikwa sasa hivi. Samaki wa Tchomia sawa, maziwa mabichi hapana. Waliotaka kutoa uboho wakatoe damu, wakiwaambia wahudumu kwamba ni ndugu, kwani damu atakayopewa mgonjwa huyu, hasa ya ndugu, lazima ipitishwe kwenye mionzi kwanza.

Homa ndiyo naiogopa zaidi. Bunia, mwili ukichemka tunakimbilia dawa ya malaria na parasetamoli. Kwa mtu aliyeishiwa chembe nyeupe za damu, nyuzi 38 ni dharura: anahitaji antibiotiki ya mshipani ndani ya saa moja, malaria ipimwe sambamba, na parasetamoli isitangulie kuificha homa. Kanuni hii inaanza tangu kemo ya kawaida, ambayo wengi huipata Kampala kisha wakarudi huku.

Tiba yenyewe haipo Bunia. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2021 kuwarudishia seli zao wagonjwa wa saratani nyingine ya damu, mieloma. Wengine huenda India, inayotoa viza ya msindikizaji. Achaguliwe mwenye subira, hata kama si mkubwa wa ukoo.

Akirudi nyumbani, kinga za utotoni zimefutika. Kuanzia kama miezi 6 huchanjwa upya, zikiwemo chanjo za pepopunda na dondakoo, lakini chanjo ya surua ni hai na hungoja miaka 2. Katika muda huo, watoto wote wa parseli wawe wameshachanjwa surua.