Je, Wajua? Bomba na Feni Huokoa Mapafu
Radoni ni gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Hutokana na madini ya urani yaliyomo ardhini, hupenya nyufa za sakafu na kujikusanya ndani ya nyumba. Nchini Marekani inakadiriwa kuua watu 21,000 kila mwaka kwa saratani ya mapafu.

Dawa yake ipo. Fundi hutoboa sakafu ya zege, huchomeka bomba la plastiki, na feni ndogo huivuta gesi usiku na mchana hadi juu ya paa. Nchini Marekani, kazi hiyo kwa kawaida hugharimu dola 800 hadi 2,500. Bomba likiwekwa nyumba inapojengwa, gharama hupungua sana. Usipoziba ufa utajenga ukuta!